Moshi wa Chumba cha Vipande

Harufu ile mnayoisikia siku za mvua mkifungua chumba cha nyuma si ya panya aliyekufia darini. Nimeambiwa mmemtafuta panya huyo mpaka mkabandua dari, na hamkumpata. Acheni kujisumbua. Hiyo ni sigara ya Mzee Rwegasira, na mwenyewe yuko ardhini kule Igurwa tangu wengi wenu hamjazaliwa.

Nimeombwa niwaandikie ninyi vijana mnaoanza kazi ya maabara, niwaeleze tulivyofanya enzi zetu. Kama mlitegemea hotuba ya mstaafu, mtanisamehe. Mimi Konsolata nilizaliwa Isingiro, kwa wazazi waliotoka Rwanda wakaishi kwa vibarua kwenye mibuni ya watu mpaka walipopata kibanja chao cha migomba. Kwetu hapakuwa na hotuba, palikuwa na masimulizi, na ya kwangu huruka huku na huku kama mbuzi aliyekata kamba. Lakini haya yote yanamrudia mtu mmoja, mwalimu wangu, na kipande cha utumbo wake ambacho nilikipasua kwa mkono wangu huku nikimwomba Mungu kingo zake ziwe safi.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilikuwaje. Daktari akitoa kitu mwilini mwa mtu, uvimbe au sehemu ya utumbo, kitu hicho tulikiita kipande. Hapa Karagwe hatukuwa na mtaalamu wa kusoma vipande. Sisi tulikipokea kutoka chumba cha upasuaji, tukakifungua, tukakiosha, tukakitia kwenye fomalini kisioze, kisha tukakisafirisha: kwa gari la hospitali mpaka Bukoba, na kutoka hapo kwa meli mpaka Mwanza. Huko walikikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, wakakitia rangi, wakakisoma kwa hadubini. Jibu lilirudi likiwa limechoka na safari, pengine mgonjwa ameshavuna maharage mara mbili. Na kama ni saratani ya utumbo, neno la kwanza tulilolitafuta kwenye jibu lilikuwa kingo, yaani pale kisu cha daktari kilipopita, juu na chini. Kingo zikiwa safi, kuna matumaini kwamba ugonjwa wote umetoka na kipande. Zikiwa chafu, mgonjwa amerudi nyumbani na mbegu tumboni.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya kahawa kabla hakijawa chetu. Kina dirisha moja dogo linalotazama mlima, na mchana wa jua kali bado unahitaji taa. Rafu zilijaa chupa za vipande vinavyongoja safari. Niliingia humo mara ya kwanza mwaka 1978, mwaka wa vita, wauguzi wengi walipohamishiwa kwingine na hospitali ikawa inachukua msichana yeyote aliyejua kusoma na asiyezimia akiona damu. Mzee Rwegasira alikuwa amekaa kwenye kigoda, mrefu, mkavu, vidole viwili vya mkono wa kulia vya njano kabisa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama, akasema neno la kwanza la mafunzo yangu, "Kabla hujafungua kifuniko chochote humu, washa."

Alimaanisha sigara. Mzee alikuwa na utaratibu wake. Kipande kikifika kwenye bakuli, anawasha, anavuta, anainama, anakipulizia moshi taratibu juu na pembeni, kama mama anayepoza uji wa mtoto. Ndipo anashika kisu. Mwanzoni nilidhani anafukuza harufu, maana utumbo uliooza hauna adabu. Siyo hivyo tu. Saratani yeye aliiita mdudu, na aliamini kwamba mdudu akitolewa ndani ya mtu anatafuta mtu mwingine wa kuingia, na aliye karibu zaidi ni yule aliyeshika kisu. Mdudu hapendi tumbaku, alisema. Na ninyi watoto wa hapa msimcheke haraka. Nyumbani kwenu ndama akishikwa na kupe anaoshwa kwa maji ya nini? Funza wa mguuni wanapakwa nini? Mahindi ya mbegu yananing'inizwa wapi kama si juu ya moshi wa jiko? Mkulima yeyote kuanzia Rugera mpaka mpakani angemwelewa Mzee. Hata wauguzi walikuwa wakija na vitambaa vyao wafukiziwe kabla ya kwenda kubeba ndoo za chumba cha upasuaji.

Alinipa nami nivute. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, akasema basi nisimame kwenye moshi wake, unatosha wawili. Nikasimama humo miaka na miaka. Baada ya vita sigara zilipopotea madukani, alipanda tumbaku nyuma ya choo cha wafanyakazi, akawa anaisokota kwenye gazeti. Siku hizo chumba kilikuwa na ukungu hata saa sita mchana. Ukiingia kutoka juani huoni mtu, unaona nukta nyekundu tu hewani, na chupa zinang'aa nyuma yake.

Sasa niwape mambo ya kazi kabla sijasahau. Utumbo ufungue upande usio na uvimbe. Usipasue katikati ya uvimbe kwa hamu ya kuuona. Mzee aliniambia nikifanya hivyo ni sawa na kufungua zawadi ya mtu mwingine. Tazama uzi: daktari mwenye akili hufunga uzi mrefu kwenye ukingo wa juu, ili msije mkasafirisha kitu kisichojulikana kichwa wala mkia. Ubandike kwenye ubao kwa pini, uutandaze, usijikunje. Fomalini iwe nyingi kuliko nyama. Na chupa iwe na mdomo mpana.

Hili la mdomo mpana nililijua kwa aibu. Wiki zangu za mwanzo nilipewa kipande kizuri, nikakitia kwenye chupa ya soda kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Kiliingia vizuri tu, kikiteleza kama kambale. Siku ya kukitoa kilikuwa kimekakamaa kama kiatu. Nilivuta, nikatikisa, nikapindua. Mzee alikuwa akinitazama tu na sigara yake. Mwishowe akaniuliza kwa upole kama mwenye kipande alizaliwa kwa njia hiyo. Tulivunja chupa kwa nyundo nyuma ya nyumba, tumeifunga kwenye gunia, na wagonjwa wa nje wakitushangaa.

Kuna kipindi fomalini ilikosekana kabisa. Mzee akaenda kwa mtendaji wa kata akaomba gongo lililokamatwa, kali kuliko yote, tukahifadhia humo. Si dawa sahihi, lakini si mbaya kama mnavyodhani. Tatizo lilikuwa dereva wetu, mtu wa kupenda kinywaji, ambaye alinusa gunia njiani akiwa maeneo ya Kyaka. Hakutuambia alichokifanya. Tulijua tu kwamba alifika Bukoba amenyamaza, akarudi amenyamaza, na tangu siku hiyo akipewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye harusi aliichungulia kwanza mpaka chini ya kibuyu.

Watu waliviogopa vile vipande, na walivipenda pia. Mnajua desturi yetu: mtu anazikwa kibanjani kwake, na anazikwa mzima. Kwa hiyo ndugu walikuja kuuliza kama kipande kitarudi. Bibi mmoja kutoka Rugera, mume wake akiwa wodini amelala amefungwa tumbo, alibisha hodi kila siku ya kuja kumwona. Hakuja kwetu kuuliza hali. Alisimama mbele ya rafu, akapiga goti, akasema kwa neno letu la heshima, "Waitu, nimekuja kukusalimia." Alikuwa akiiambia chupa. Kisha alikaa kidogo, kana kwamba anasikiliza, akaaga akaenda wodini kumsalimia na yule mwingine. Mimi nilijificha nyuma ya mlango nikacheka mpaka nikaumwa mbavu. Mzee hakucheka. Alisema mume wa yule bibi yuko mahali pawili kwa sasa, na mke mwema husalimia kote.

Wagonjwa walioweza kutembea nao walipita dirishani kuuliza, "Kimefika wapi?" Tuliwajibu kama tunazungumzia mtoto aliyekwenda shule. Kiko Bukoba. Kimevuka ziwa. Mmoja alituambia siku kipande chake kilipovuka alihisi baridi ya maji tumboni usiku kucha. Mzee alimwambia ajifunike vizuri.

Sasa nifike kwa Daktari Tesha. Huyu alikuja kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini, mpasuaji, kijana wa Kilimanjaro aliyesoma ng'ambo. Hakuwa na majivuno. Alikunywa chai nasi kwenye benchi la nje ya chumba cha vipande, na ndiye wa kwanza kumwomba Mzee azime sigara. Mzee alimweleza kuhusu mdudu na tumbaku. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, hakucheka. Akamweleza kwamba moshi hauishii kifuani kama watu wanavyofikiri. Unaingia kwenye damu, unazunguka mwili mzima, mwingine unamezwa na mate unashuka mpaka utumboni. Kisha akatusimulia jambo ambalo lilinifanya niweke kikombe chini.

Alisema ng'ambo kuna chupa zenye saratani ya utumbo iliyo hai. Siyo kipande kilichokufa kwenye fomalini kama vyetu. Seli zenyewe, mbegu zile ndogo zisizoonekana kwa macho, zimetolewa kwa mgonjwa, zikawekwa kwenye maji yenye chakula, na zinaendelea kula na kuzaana.

Mzee akauliza, "Na mwenyewe yuko hai?"

"Mwenyewe alikufa zamani, Mzee."

"Alikufa, nazo zinakula."

"Zinakula."

Mzee alivuta, akatoa moshi polepole kama kawaida yake, kisha akauliza swali ambalo sidhani kama mtu mwingine pale angeliuliza. Je, waliwahi kuzipa moshi? Daktari akasema ndiyo, wako watu wanaojaribu. Moshi wa sigara unapitishwa kwenye maji, na maji yale yanatiwa kwenye chupa. Ukiwa mkali sana zinakufa, sawa na kitu chochote kilicho hai. Lakini ukiwa kidogo kidogo, kama mtu anavyovuta kila siku, kuna zinazoanza kukua kwa nguvu zaidi, zinajisogeza kutoka pale zilipowekwa, na zikifika wakati wa kufa zinakataa. Sidai kwamba nimeyaandika kama mtaalamu angeyaandika. Ninyi mna vitabu, mtayasoma vizuri. Mimi nawapa kama yalivyoingia masikioni mwangu, kwenye benchi lile, chai ikipoa. Niligeuka nikatazama ndani, kwenye zile chupa zetu rafuni na ule moshi uliotanda juu yake, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuingia peke yangu.

Mzee hakuzima. Alisema tu kwamba ng'ambo ni mbali.

Mwaka huohuo uongozi ukaamua chumba kipakwe chokaa. Tukatoa chupa zote, mafundi wakapaka, ukuta ukawa mweupe mpaka unaumiza macho. Ilipokuja masika, siku ya tatu ya mvua, nilifungua mlango nikakuta ukuta unatoka jasho. Matone ya rangi ya chai ya rangi, yanashuka polepole juu ya chokaa mpya, mengine yamening'inia darini. Niligusa moja nikanusa. Ilikuwa tumbaku. Mafundi walirudi wakapaka tena, na masika iliyofuata ukuta ukatoka jasho tena. Najua sababu yake, msinieleze: moshi wa miaka yote uliingia kwenye udongo wa ukuta, na unyevu unauvuta nje. Kujua sababu hakukunisaidia kitu nilipokuwa nimesimama pale na tone kidoleni.

Huo ndio wakati nilipoanza kuona mkanda wa Mzee. Alikuwa akitoboa matundu mapya kwa msumari. Alikwenda chooni mara nyingi na kukaa huko, akirudi uso ukiwa na rangi ya majivu. Nilipomuuliza alisema bawasiri. Mtu aliyetazama matumbo ya watu umri wake wote, aliyejua damu ya aina gani inatoka wapi, aliniambia bawasiri bila kupepesa. Nilielewa kwamba anajua, na kwamba anaogopa, na mimi nikaogopa zaidi yake kwa sababu sikuwahi kumwona akiogopa. Nilikwenda kwa Daktari Tesha nikamwambia. Mzee alininunia wiki nzima, hakunisemesha ila kwa kikohozi. Kisha akakubali kupimwa, na baada ya kupimwa akakubali kupasuliwa.

Siku ya upasuaji nilikaa chumbani peke yangu. Muuguzi alileta bakuli limefunikwa kitambaa cha kijani, akaliweka mezani, akaondoka haraka bila kunitazama. Nilifunua. Ninyi mtazoea, mtaona vipande hata mnakula andazi. Lakini siku mtakayopokea cha mtu aliyewafundisha kushika kisu, ndipo mtajua kazi hii ni nini. Nilikiosha kwa maji ya vuguvugu, jambo ambalo halina sababu yoyote ya kitaalamu. Nikatafuta uzi wa daktari nikaupata, ukingo wa juu. Nikakifungua upande usio na uvimbe, nikakitandaza ubaoni, nikakibandika pini. Uvimbe ulikuwa pale katikati, mwekundu, umepindua midomo yake kama ua lililofunguka. Nilipima kwa macho kutoka uvimbe hadi ukingo wa juu, kisha hadi wa chini. Kwa macho palionekana safi. Lakini macho hayaoni seli.

Niliandaa sehemu za kupeleka Mwanza, zikaenda na gari. Kilichobaki nilikitia kwenye chupa ya mdomo mpana, nikakiweka rafuni. Baada ya siku kadhaa, Mzee alipoweza kusimama, alikuja. Nilimsikia akiburuza miguu barazani, mkono mmoja ukutani na mwingine tumboni. Nikampa kigoda chake. Akasema anataka kukiona.

Nilikitoa, nikakitandaza tena mbele yake. Alikitazama muda mrefu kama mtu anayetazama picha yake ya ujana. Alinisifu kwa pini. Kisha, bila kufikiri, kwa mazoea tu ya miaka yote, akanyoosha mkono kwenye koti lake lililokuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango, akatoa sigara, akaitia mdomoni, akawasha kiberiti, akainama juu ya utumbo wake mwenyewe ili aufukizie.

Hapo akaganda. Kiberiti kinawaka, sigara mdomoni, ameinama. Moto ukashuka mpaka kwenye vidole vile vya njano, na hakuutupa.

"Konso," akasema.

"Naam, Mzee."

"Ndizi za rubisi tunazitia moshini ili zife?"

"Hapana, Mzee. Tunazitia ziive."

Akazima kiberiti kwa kukifinya. Akaitoa sigara mdomoni akairudisha mfukoni mwa koti, na koti hakulichukua alipoondoka. Hakuwahi kuvuta tena.

Kwa wasiotoka nyumba za wakulima niwaeleze. Ndizi za kutengenezea rubisi hukatwa mbichi kabisa, ngumu, zenye ukakasi. Unachimba shimo kibanjani, unalitandika majani ya migomba, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo, na pembeni unaacha tundu la kupitishia moshi wa majani makavu. Ukipita hapo huoni ndizi. Unaona ardhi tu, na moshi unaotoka kwenye nyufa zake, kana kwamba chini kuna watu wanapika. Siku chache baadaye unafukua, na kilichoingia kijani kinatoka njano.

Mzee alirudi Igurwa kusubiri jibu. Na mimi, kila asubuhi nikifungua chumba, nilikuta chupa yake pale rafuni na koti lake nyuma ya mlango. Siku moja nilijisikia nikisema shikamoo. Nilisema kwa sauti, kwa chupa. Nikamkumbuka yule bibi wa Rugera niliyemcheka, nikaona haya peke yangu. Nilipofungua kifuniko kubadilisha fomalini, harufu ya kwanza iliyonijia haikuwa ya dawa. Na mwalimu wangu, aliyewajibu wagonjwa wa dirishani, akawa anatuma ujumbe kwa kila mtu aliyekuja hospitali kutoka Igurwa, swali lilelile: kimefika wapi?

Mazishi yake nitayasema hapa ili nisimalizie nayo. Alifariki mwaka uliofuata, ini likiwa limeshaingiliwa. Nilikwenda na chupa ndani ya kikapu, mkewe akanisaidia kuweka kilichokuwemo miguuni mwake, tumekifunga kwa kitambaa cheupe. Akazikwa mzima, kibanjani kwake, mbali na shimo la ndizi kama alivyoagiza.

Lakini jibu lilipotoka Mwanza alikuwa bado anatembea. Daktari Tesha alilisoma, akaniuliza kama ningependa kwenda naye kwa Mzee au niende peke yangu. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Kingo zilikuwa safi, zote mbili. Lakini kwenye tezi, zile punje ndogo za kwenye mafuta ya utumbo ambazo mimi mwenyewe nilizichambua kwa vidole, ugonjwa ulikuwa umeshapita. Njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema lile la kwanza kwa sauti kubwa na lile la pili kwa sauti ndogo.

Nilimkuta kibanjani, amekaa kwenye ubao chini ya mgomba, shuka begani. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na wanawe walikuwa wameivisha ndizi za sherehe. Moshi ulikuwa ukitoka ardhini mbele yake. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote. Alinisikiliza akiutazama ule moshi. Niliposema kingo ni safi alitikisa kichwa kuikubali kazi yangu. Niliposema tezi, alifumba macho kidogo, akafumbua.

"Umelisema vizuri," akaniambia. "Wengine humaliza na lile zuri."

Kisha akanyoosha mkono chini ya ubao akatoa ndizi mbili. Zilikuwa za chane moja, alisema, alizikata mwenyewe. Moja aliitia shimoni na nyingine aliifukia peke yake upande wa pili wa kibanja, kwenye udongo mtupu, bila moshi. Akaziweka mkononi mwangu. Moja ilikuwa njano, laini, imeanza madoa. Nyingine ilikuwa kijani na ngumu kama siku ilipokatwa. Alikuwa amefanya na yeye chupa zake za ng'ambo, pale nyumbani kwake, kwa vitu alivyokuwa navyo.

Niliimenya ile ya njano nikaila mbele yake. Ilikuwa tamu sana, na utamu wake ndio ulioniliza. Aliningoja nimalize, akasema ile ya kijani niipeleke chumbani, niiweke rafuni, niwaonyeshe vijana watakaokuja.

Nilifanya hivyo. Niliiweka kando ya chupa yake, nikafunga mlango. Tangu aondoke hakuna mtu aliyewasha sigara chumbani humo. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Asubuhi moja nilifungua nikaikuta ndizi imeiva, njano mwili mzima, na ukuta nyuma yake unatoka jasho. Mtaniambia kwamba ndizi huiva hata bila moshi, na ni kweli, mimi ni mtoto wa mkulima. Lakini ninyi mnaojificha kuvuta nyuma ya ukuta uleule, jueni kwamba nilipofungua mlango siku ile, harufu iliyonipiga usoni haikuwa ya ndizi.